Tucheze Toleo Lipi? Maoni ya Muuguzi

Najua nimepotea humu kwa wiki kadhaa. Msinifikirie vibaya, zamu zimebana. Huku ughaibuni boksi ni boksi tu, hata ukilibeba na shahada yako ya uuguzi mkononi.

Leo siongelei baridi wala bei ya ndizi za kupika. Naongelea ule mchezo wetu wa mezani ambao wengi wenu mnanitania nao kwenye simu. Mama mdogo anauita "mchezo wa majini". Kaka ameuliza mara mbili kama kuna pesa ndani yake (hakuna kaka, tena unatoa zako). Sasa meza yetu hapa Leeds imegawanyika. Tunabishana tucheze toleo lipi la mchezo huo, na Jumapili ijayo tunapiga kura. Nimeona niweke msimamo wangu hapa kwanza, maana nikiandika kwa Kiswahili ndipo mawazo yangu yanakaa sawa.

KWA WASIOUJUA

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons, kwa kifupi D&D. Si karata, na hauhitaji ubao kama bao au drafti. Watu watano au sita wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, huku wanamwita DM. Yeye anaeleza: mmefika kwenye pango, mnasikia maji, mbele kuna mlango wa chuma, mnafanyaje? Sisi wengine kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mchawi, kasisi. Ukisema "naruka shimo", unatupa dadu ya pande 20, na namba ndiyo inaamua kama umevuka au umetumbukia.

Ndiyo hivyo tu. Sisi tuliokulia kwa bibi, tukiitikia "Hadithi njoo", tunauelewa haraka. Ni hadithi, ila msikilizaji naye anaruhusiwa kumwambia sungura apite njia nyingine.

Na mama mdogo, hofu yako si ngeni. Miaka ya 1980 kulikuwa na Wamarekani wengi waliosema mchezo huu unaita mashetani. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba toleo la 1989 lilitoka likiwa limeondoa maneno yale ya mashetani na ibilisi kabisa. Mezani kwetu kitu kinachotisha kuliko vyote ni bili ya umeme.

MATOLEO YAMEKUWAJE MENGI HIVI?

Mchezo ulitoka mwaka 1974 Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Vilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, na havikuwa rahisi kuelewa. Mwaka 1977 likatoka boksi la wanaoanza, na aliyelihariri ni J. Eric Holmes, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha udaktari wa mishipa ya fahamu chuo kikuu. Mnaona? Watu wa afya tuliingia humu mapema!

Baada ya hapo mchezo ukawa na mikondo miwili. Ule mwepesi ulipata boksi jipya 1981 na jingine 1983. Ule mzito ulipata vitabu vyake vikuu kati ya 1977 na 1979, kisha toleo la pili 1989. Kampuni ya mwanzo, TSR, ikanunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na hao wakanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Toleo la tatu likaja 2000, likarekebishwa 2003. La nne 2008. La tano 2014. Halafu kuanzia 2024 vitabu vya hilo la tano vikaandikwa upya, na cha tatu kati ya vile vikuu kikatoka Februari 2025.

Msidhani tofauti ni jalada tu. Mmewahi kuwaona vijana wa kijiweni wakigombana kwenye drafti, huyu anasema kingi inaruka mbali, yule anasema inakwenda hatua moja? Sasa zidisha ugomvi huo mara mia. Kwenye matoleo ya zamani, kwa mfano, namba ya kinga ikiwa ndogo ndiyo umekingwa vizuri: mwenye 2 ni mgumu kumpiga kuliko mwenye 7. Toleo la 2000 likageuza, kubwa ndiyo bora. Watu wawili waliojifunza matoleo tofauti wanaweza kukaa meza moja na wasielewane hata salamu ya kwanza.

PANDE TATU ZA MEZA YETU

Upande wa kwanza ni Mzee wetu, Mwingereza, alikuwa anapiga picha za X-ray mpaka akastaafu. Amecheza tangu yuko shule na anataka toleo la 1981. Upande wa pili ni vijana wawili, mmoja mfamasia na mwingine wa mazoezi ya viungo. Hao wanataka vitabu vipya vya 2024. Upande wa tatu ni sisi tuliobaki, ambao tumezoea vitabu vya 2014.

Mtasema, si mchague tu, mchezo ni mchezo. Ingekuwa hivyo nisingeandika. Kijana mmoja ameshasema toleo la 1981 likipita yeye haji tena. Mzee alipoambiwa mambo yake yamepitwa na wakati alinyamaza, na Mzee akinyamaza ujue imemwingia. Halafu kuna dada aliyekuja kutoka Kerala kule India. Ana miezi minne tu hapa, hana ndugu mji huu, na Jumapili yetu ndiyo siku pekee anayocheka kwa sauti. Meza ikivunjika, Mzee atarudi kwenye televisheni yake, vijana watapata wenzao. Huyo dada je? Na mimi je? Nyinyi mnajua mwaka wangu wa kwanza ulivyokuwa.

KIPIMO CHANGU

Watu hupima matoleo kwa uzuri wa vita, au kwa uchawi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, napima kwa kitu kimoja: mhusika akianguka, kinatokea nini?

Kila mhusika ana pointi za uhai. Ukipigwa zinapungua. Zikifika sifuri, hapo ndipo matoleo yanapoachana.

Toleo la 1981: sifuri ni kifo. Umekwisha. Mchawi anayeanza anatupa dadu ya pande nne kupata pointi zake zote za uhai, kwa hiyo anaweza kuingia pangoni na pointi moja, akapigwa mara moja, basi. Na kasisi, ambaye ndiye tabibu wa kundi, akianza hana dua hata moja ya kuponya. Ukinusurika, kulala siku nzima kunakurudishia pointi moja hadi tatu.

Ule mkondo mzito wa miaka ya 1970 ulikuwa na huruma kidogo. Ukifika sifuri unazimia, unapoteza pointi moja kila mzunguko mpaka hasi 10, ndipo unakufa. Wenzako wakikuwahi unapona, lakini kitabu kinakuamuru kupumzika wiki nzima. Nilipoisoma hiyo nilimheshimu aliyeandika. Kuna daktari hapo? Labda. Kuna mtu aliyewahi kuuguza, hakika.

Toleo la 2000 liliendelea na njia hiyo hiyo ya hasi 10, na likampa mwenzako ujuzi wa tiba wa kukuzuia usiendelee kuzama. La 2008 likaleta kitu kipya: ukianguka, kila zamu yako unatupa dadu. Ukishindwa mara tatu umekufa.

La 2014 likalichukua hilo na kulisafisha. Mimi naiita dadu ya kufa na kupona. Umelala chini, huwezi kitu. Zamu yako ikifika unatupa dadu ya pande 20: kumi na zaidi umefaulu, chini ya kumi umeshindwa. Kufaulu mara tatu, hali yako imetulia. Kushindwa mara tatu, buriani. Ukipata 20 unafumbua macho na pointi moja. Ukipata 1 inahesabiwa umeshindwa mara mbili. Na katikati ya hayo mwenzako yeyote anaweza kukukimbilia, si kasisi peke yake. Mwenye mkoba wa huduma ya kwanza anakutuliza bila hata kutupa dadu.

Nataka mwone jinsi kanuni hiyo inavyobadilisha watu mezani. Mhusika akianguka kwenye toleo la 1981, mwenye mhusika anafunga daftari lake, wengine wanaendelea na vita. Akianguka kwenye la 2014, meza nzima inageuka kumtazama. Mwizi anaacha dhahabu. Mchawi anahesabu hatua. Mtu anasema "nishike mimi mlango, wewe nenda". Mimi nimefanya kazi ya kukimbilia kitanda kengele ikilia, na nawaambia, mchezo huu umekamata kitu cha kweli: zile dakika ambazo mtu hajafa bado na kila aliye karibu ana la kufanya.

Yule dada wa Kerala mhusika wake alianguka siku yake ya pili mezani. Dadu ya kwanza alishindwa. Ya pili alishindwa. Kijana wa mazoezi ya viungo, ambaye alikuwa bado hajamwambia neno zaidi ya "hujambo", akapitisha mpiganaji wake katikati ya maadui wawili ili amfikie na mkoba. Tangu siku hiyo wanachangia nauli ya teksi kurudi nyumbani.

HOJA ZA WENZANGU

Nisiwe mtu wa kuona upande wangu tu. Mzee ana hoja nzito. Kijitabu chake cha 1981 kina kurasa 64. Kile cha wachezaji cha 2014 peke yake kina kurasa 320! Kwa Mzee mhusika anatengenezwa kwa dakika kumi, na kwa sisi tunaofanya zamu za masaa 12 na nusu hilo si jambo dogo. Anasema pia kwamba kifo kikiwa karibu watu wanakuwa na akili: wanazungumza na adui, wanatafuta njia ya nyuma, hawarukii vita ovyo. Ni kweli. Nimecheza naye mara tatu na nilikuwa mwangalifu kama naingia barabara ya mwendokasi kwa mguu.

Lakini Mzee, mimi kifo cha ghafla nakiona kazini. Sihitaji kukiona tena Jumapili, tena cha mtu niliyempa jina mwenyewe.

Vijana nao wana hoja. Vitabu vya 2024 vimepangwa vizuri zaidi, mgeni anapata anachotafuta upesi. Dua ya kuponya jeraha sasa ni dadu mbili za pande nane, zamani ilikuwa moja. Kasisi hajioni tena kama anapaka mafuta ya taa kwenye mguu uliovunjika. Na ile dadu ya kufa na kupona imebaki. Hawajaiondoa, nakubali.

Tatizo langu ni mawili. Kwanza bei. Kitabu kimoja kikuu kilitoka kwa dola 49.99, na viko vitatu. Hizo ni karibu laki nne za Kitanzania, na mezani kwetu tayari kuna nakala nne za kitabu cha wachezaji cha 2014. Dada wa Kerala anatuma pesa nyumbani kila mwezi kama mimi. Sitaki aanze kuhesabu kama anamudu kukaa nasi. Mtaniambia kuna kanuni za bure za 2024, ni kweli zipo. Lakini mwenye kanuni za bure akikaa na wenye kitabu chote anajua kabisa nani ana sahani kamili na nani amepewa ukoko.

Pili, mambo ya kukumbuka. Kitabu kipya cha wachezaji kina kurasa 384, na mpiganaji sasa ana ujuzi wa pekee kwa aina za silaha alizochagua: huu unamsukuma adui, huu unamwangusha, huu unampunguza kasi. Kijana wa miaka 24 aliyelala vizuri atafurahi. Mimi niliyetoka zamu ya usiku nitakuwa naulizwa kila mara "umekumbuka kumsukuma?"

KURA YANGU

Kwa hiyo mimi nasema tubaki na vitabu vya 2014. Tunavyo, tunavijua. Kanuni zake za msingi zilitolewa bure tangu mwanzo, zikiwa na aina nne za wahusika ambazo zinamtosha kabisa mtu anayeanza. Tena Januari 2023, baada ya kampuni kutaka kubadilisha leseni na wachezaji kuja juu dunia nzima, kanuni za msingi za toleo hili ziliwekwa chini ya leseni huru ya Creative Commons. Maana yake hakuna atakayeamka kesho na kutunyang'anya.

Ila naomba jambo moja libadilike. Kwenye toleo hili ukilala masaa nane unaamka na pointi zako zote, hata kama jana ulikuwa umebakiza pumzi moja. Jamani! Kwetu wodini mgonjwa aliyevunjika nyonga tunamsimamisha siku inayofuata baada ya upasuaji. Watu wa nyumbani wakimwona amesimama wanapiga vigelegele, wanadhani amepona. Hajapona. Amesimama tu, na miezi inaweza kupita kabla hajakwenda sokoni mwenyewe. Kusimama na kupona ni vitu viwili.

Bahati nzuri kitabu cha msimulizi cha 2014 kina kanuni ya hiari kwa ajili hiyo: pumziko fupi linakuwa masaa nane, na pumziko refu siku saba. Tuitumie. Mwenzetu tumnyanyue vitani kwa dua au mkoba, sawa, lakini baadaye kundi litafute kijiji, likae wiki, limuuguze. Humo ndani Mzee atapata ule uangalifu anaoutaka bila mtu kufa kwa pigo moja.

Na kwa kuwa sitaki mtu ashindwe mpaka aondoke, napendekeza hivi. Zamu zetu haziendani, na kila mwezi kuna Jumapili ambayo hatufiki wanne. Siku hizo tusiahirishe. Mzee afungue kijitabu chake cha 1981, tutengeneze wahusika kwa dakika kumi, tufe kwa wingi, tucheke. Vijana nao wakinunua hadithi mpya za 2024 wazilete, kwa sababu zimetengenezwa ziweze kuchezwa pamoja na vitabu vya 2014, marekebisho kidogo tu yanatosha. Lakini mezani kila siku, pale tunapokutana wote, tuwe na kanuni moja ambayo mgeni anaweza kuikalia bila kulipa.

Kuna watakaosema naongozwa na hisia. Sawa. Lakini hata hao wanaochagua kwa namba za vita wanachagua jioni wanayoitaka. Mimi nachagua jioni ambayo mtu akianguka wenzake wanaacha walichokuwa wanafanya. Huku tuliko, kila mmoja ana mlango wake na ufunguo wake, na jirani unaweza kumjua kwa viatu vyake tu. Mchezo unaowafundisha watu sita kukimbiliana siuoni kuwa wa kitoto.

Haya, nimeongea sana, chai imepoa. Niambieni mnaonaje, hasa nyinyi mabingwa wa drafti mnaojua kugombania kanuni. Matokeo ya kura nitawaletea. Na mama mdogo, nakuomba, Jumapili jioni ukipiga simu nisipopokea usiwaamshe watu nyumba nzima. Nitakuwa pangoni, na huenda kuna mtu ameanguka.

Nawapenda wote. Tuko pamoja!